"Nilidhani" na "Kumbe": Mtoto Anavyojifunza Kuyajua Yaliyomo Moyoni Mwake na Mwa Wenziwe

Katika makala haya nakusudia kulijadili jambo ambalo kila mtu mzima analijua hata amesahau kwamba alipata kulijifunza: kwamba yeye ana mawazo yake na mwenziwe ana yake, na kwamba mawazo ya mtu huweza kwenda kinyume na mambo yalivyo. Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa bidii tangu mwaka 1978, David Premack na Guy Woodruff walipouliza kama sokwe anaweza kutambua makusudio ya binadamu. Mimi si mtaalamu wa saikolojia. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na nimeingia katika uwanja huu kwa sababu ya tafsiri iliyonishinda.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili huko Uingereza, mwanafunzi mwenzangu wa idara nyingine aliniomba nimfasirie kisa kifupi alichotaka kuwasimulia watoto wasemao Kiswahili. Kisa chenyewe hakikuzidi ukurasa mmoja, na mwisho wake palikuwa na swali moja tu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe ilinichukua majuma mawili, na hata leo sijaridhika nayo. Msomaji ayatazame vyema maneno mawili niliyoyatumia hivi sasa, "nilidhani" na "kumbe", maana sehemu kubwa ya makala haya inayahusu.

Kisa kilichonisumbua kilitokana na uchunguzi wa Heinz Wimmer na Josef Perner, uliochapishwa mwaka 1983. Mtoto aitwaye Maxi anaiweka chakleti yake katika kabati la buluu, kisha anatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake anaitoa, anatumia kidogo katika kupika keki, na iliyobaki anaiweka katika kabati la kijani. Maxi anarudi, naye ana hamu ya chakleti yake. Je, ataitafuta wapi? Mtu mzima hujibu bila kusita kwamba ataitafuta katika kabati la buluu, kwa kuwa ndimo alimoiacha, na haikuhamishwa mbele ya macho yake. Lakini miongoni mwa watoto wa miaka mitatu hadi minne hapakuwa na hata mmoja aliyejibu sawasawa katika visa vyote viwili vya namna hiyo alivyosimuliwa. Katika wale wa miaka minne hadi sita, asilimia 57 walifaulu. Na katika wale wa miaka sita hadi tisa, asilimia 86. Wadogo walilionyesha kabati la kijani, mahali ilipokuwapo chakleti kweli.

Si kwamba mtoto huyo amesahau kisa. Ukimwuliza Maxi aliiweka wapi hapo mwanzo, mara nyingi atakuambia. Linalomshinda ni kuitenga hali ya mambo na wazo la mtu juu ya hali hiyo. Kwake yeye chakleti imo katika kabati la kijani, basi. Na aliyemo duniani hawezi kuwa na habari nyingine isipokuwa habari ya dunia ilivyo.

Kwa maoni yangu uchunguzi uliofuata ni wa ajabu kuliko huo, ingawa hautajwi sana. Mwaka 1988 Alison Gopnik na Janet Astington walieleza jinsi walivyowaonyesha watoto kopo la peremende ziitwazo Smarties, ambazo kila mtoto wa kule anazijua. Mtoto akiulizwa mna nini ndani, hujibu kwamba mna peremende. Kopo likifunguliwa huonekana penseli. Kisha kopo hufungwa tena, na mtoto huulizwa: hapo kwanza, kabla hatujalifungua, wewe ulifikiri mna nini? Wengi wa miaka mitatu hujibu kwamba walifikiri mna penseli. Hawasemi uongo, wala hawaoni haya kwa kukosea. Wazo lao la dakika mbili zilizopita limefutika kana kwamba halikupata kuwako.

Hapa pana jambo la kutufikirisha. Sisi watu wazima tumezoea kuamini kwamba mtu huyajua ya moyoni mwake moja kwa moja, na ya wenziwe huyakisia tu kwa kuangalia nyuso na matendo yao. Kama ndivyo, mtoto angalianza kwa kujijua yeye mwenyewe, kisha baadaye akawajua wengine. Matokeo haya hayaonyeshi hivyo. Mtoto asiyeweza kusema Maxi anafikiri nini, kwa kawaida ndiye huyo huyo asiyeweza kusema yeye mwenyewe alifikiri nini. Maarifa haya mawili hukua pamoja.

Turudi sasa kwenye Kiswahili. Neno "kumbe" wanafunzi wetu hulitaja katika orodha ya viingizi, hutia alama ya mshangao, na kuendelea. Nadhani tumelipunja. Nikisema, "Kumbe umekuja!" nimetoa habari tatu kwa neno moja: kwamba nilikuwa na wazo fulani, kwamba wazo lile halikuwa kweli, na kwamba sasa hivi nimetambua hivyo. Mtu anayesema "kumbe" anajitangaza kuwa amekosea, na hutangaza bila aibu, hata kwa furaha. Mtoto wa miaka mitatu aliyeona penseli katika kopo la peremende hana haja ya neno hili, kwa kuwa haoni kwamba kuna kilichobadilika ndani yake. Siku atakapolitumia kwa maana yake kamili, atakuwa amepata historia ya mawazo yake mwenyewe.

Isitoshe, "kumbe" halimhusu msemaji peke yake. Katika hadithi tunasema: "Fisi akalala nje ya pango akingoja, kumbe Sungura amekwisha kutoka kwa tundu la nyuma." Kumbe hii ni ya nani? Si ya Fisi, maana Fisi bado anangoja. Ni ya msimulizi na wasikilizaji wake, nayo huwatenga wao na Fisi: sisi tunajua, yeye hajui. Kwa hiyo neno lile lile ambalo kwalo mtu huyaangalia makosa yake ya jana, ndilo analolitumia kuuangalia ujinga wa mwenziwe wa sasa. Sijui lugha nyingi, lakini katika zile ninazozijua sijaona neno fupi lifanyalo kazi hizi mbili kwa wepesi namna hii.

Ama "kudhani", asili yake ni Kiarabu, nalo ni neno la wazo lisilo hakika. Katika wakati uliopo hudokeza shaka tu: "Nadhani atakuja kesho." Likitiwa katika wakati uliopita hubadilika sura. Mtu akikuambia, "Nilidhani Juma yuko nyumbani," huna haja ya kuuliza zaidi; Juma hakuwako. Msikilizaji hungoja "kumbe" ifuate, na isipofuata huijazia mwenyewe. "Kufikiri" ni jambo jingine. Hilo hasa ni kazi ya akili, na ndiyo maana mtu huweza kusema, "Niache nifikiri," lakini hawezi kusema, "Niache nidhani." "Kuamini" kumebeba uzito wa dini na wa kutegemeana. "Kuona" hutumika kwa rai: "Mimi naona tungoje." Na "kuelewa" kuna uhusiano na "kuelea": wazee walisema neno limewaelea, yaani limepanda juu likaonekana, kama kitu kinachoibuka majini.

Msomaji ameanza kuona tabu iliyonipata. Swali la mwenzangu lilitaka kujua Maxi anafikiri chakleti iko wapi. Niandike "anafikiri"? Mtoto aweza kuelewa kwamba Maxi ameketi akitafakari. Niandike "anadhani"? Basi nitakuwa nimemnong'oneza jibu, maana "kudhani" kwenyewe kunamwambia kwamba huenda Maxi amekosea. Niandike "ataitafuta wapi"? Baadhi ya watoto watasikia swali la msaada: aitafute wapi ili aipate? Kila njia niliyoishika ilikuwa na mwiba wake.

Hofu hii si ya mfasiri peke yake. Mwaka 1999 Kang Lee, David Olson na Nancy Torrance walieleza uchunguzi wao juu ya watoto wa Kichina. Lugha yao ina kitenzi "xiang", kisichoegemea upande wowote, pamoja na vitenzi "yiwei" na "dang", vinavyodokeza kwamba wazo linalotajwa huenda si kweli. Watoto walioulizwa kwa vitenzi hivi viwili walijibu vizuri kuliko walioulizwa kwa "xiang". Watoto wenyewe walikuwa wa umri mmoja. Kilichotofautiana ni kitenzi. Basi mtu akija pwani yetu na swali lenye "anadhani", kisha akawalinganisha watoto wa Mombasa na wa mji fulani wa Ulaya walioulizwa kwa kitenzi kisicho na dokezo, atakuwa amelinganisha vitenzi huku akiamini amelinganisha watoto. Na akija na "anafikiri", huenda akarudi kwao na habari kwamba watoto wetu wamechelewa. Habari za namna hiyo zikishaandikwa huwa vigumu kuzifuta. Sisi katika bara hili tunazijua.

Tabu haikuishia hapo. Kiswahili cha vitabu ni kimoja, na cha mitaani ni kingine. Msikilize kijana akimwambia mwenziwe, "Mimi nilijua umeshaondoka," hali mwenziwe amesimama mbele yake. Mwalimu wa sarufi atamrudi kwamba mtu hawezi kujua jambo lisilo kweli. Hata hivyo wasemaji wengi huzungumza hivyo na huelewana. Tena wapo wasemao, "Nikasema labda amelala," wala hawakutamka lolote, walisema moyoni. Zamani nilikuwa nikiyatia matumizi haya wino mwekundu katika insha za wanafunzi. Siku hizi nasita. Matumizi hayo yanaonyesha kwamba wazo laweza kutajwa kama kauli isiyosikika, na hiyo si fikra ya kijinga.

Katika milima ya Peru, eneo la Junín, Penelope Vinden aliwachunguza watoto wasemao Kikechua, akachapisha matokeo yake mwaka 1996. Lugha yao haina vitenzi vingi vinavyohusu mawazo pekee. Panapotakiwa kutajwa wazo la mtu, huelezwa angesema nini. Watoto wale walijibu vibaya maswali ya dhana potofu, hata baadhi ya waliokwisha kufikisha umri ambao kwingineko watoto huyajibu kwa urahisi. Wako walioharakisha kuhitimisha kwamba pasipo neno hapana fahamu. Mimi sikubaliani nao. Mtoto asiyejibu swali la mgeni huenda anajua vema jinsi ya kumficha kaka yake kipande cha muwa.

Tena hatuna haja ya kukisia, kwa kuwa upo mfano wa Afrika uliofanywa kwa busara zaidi. Jeremy Avis na Paul Harris, katika makala ya mwaka 1991, waliwaeleza watoto wa Wabaka, watu wa misituni huko Kamerun. Hapakuwa na kabati wala vikaragosi. Mtu mzima alikuwa akipika kokwa za maembe katika chungu mle mle kibandani, kisha akaondoka kidogo. Mtoto akashawishiwa azihamishe kokwa na kuzificha mahali pengine. Ndipo akaulizwa: akirudi yule, atafunua wapi? Atakuwa na furaha au huzuni kabla ya kufunua? Na baada ya kufunua? Wengi walijibu sawasawa, hasa waliofikisha miaka mitano. Huo ni umri unaokaribiana na ule wa watoto wa Ulaya, nao walikuwa watoto wasiopata kwenda shule. Nafurahi kila nikiusoma uchunguzi huu. Waliojua kuuliza waliuliza juu ya chungu.

Iwapo watoto wa msituni na wa mjini hufika mahali pamoja, hufikishwa na nini? Wapo wasemao kwamba ni ukuaji wa ubongo tu, kama meno yanavyoota. Mwaka 2005 Kristine Onishi na Renée Baillargeon walitoa habari kwamba hata mtoto wa miezi 15 hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi mtu akikitafuta kitu mahali ambapo hakupaswa kujua kwamba kipo. Habari hiyo ilishangaza wengi, lakini baadhi ya waliojaribu kurudia uchunguzi wa namna hiyo hawakupata matokeo yale yale, na ubishi haujaisha. Mimi naona hata kama jicho la mtoto mchanga linajua kitu, kujua huko si sawa na kuweza kukisema, kukikana, au kukikumbuka kesho yake. Kwa hayo mtoto anahitaji watu wa kuzungumza nao.

Karen Bartsch na Henry Wellman, katika kitabu chao cha mwaka 1995, waliyachambua mazungumzo ya kila siku ya watoto wasemao Kiingereza, wakaona kwamba mtoto huanza kutaja matakwa, yake na ya wengine, mapema katika mwaka wake wa tatu, na ndipo baadaye huanza kutaja mawazo. Mzazi yeyote wa kwetu atakubali: "nataka" hutangulia "nadhani" kwa muda mrefu. Matakwa na hasira huonekana. Mkono hunyoshwa, uso hukunjwa. Wazo halina uso. Mtoto hawezi kuliona, ni lazima atajiwe.

Na mahali pa kutajiwa, katika jamii zetu, palikuwa pa hadithi na vitendawili. Ichukue hadithi ya Kima na Papa, iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Papa amefanya urafiki na Kima anayemtupia matunda kutoka mtini, kisha anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba mfalme wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamlaumu kwa kutosema mapema, maana makima huiacha mioyo yao mtini wanaposafiri. Basi warudi wakauchukue. Papa anarudi, na Kima anapanda mtini asishuke tena.

Hadithi hii husimuliwa kuwa ya ujanja, na walimu wetu huuliza inafunza nini. Mimi ningependa kuuliza inadai nini kwa msikilizaji wa miaka minne. Inamtaka ashike kwamba moyo wa Kima umo kifuani. Kwamba Kima anajua hivyo. Kwamba Papa anaamini uko mtini. Na kwamba Kima anajua Papa ataogelea kwa kuifuata imani yake wala si kwa kuufuata ukweli. Kabla ya hapo ilimtaka ashike kwamba Papa alikuwa na nia asiyoijua Kima. Ni kisa cha Maxi kilichokunjwa mara mbili, nacho kilisimuliwa gizani na mabibi zetu zaidi ya miaka mia moja kabla ya Wimmer na Perner. Nimemwona mtoto mdogo akimkatiza bibi hapo hapo kwa wasiwasi: "Lakini moyo wake si uko ndani?" Mkubwa wake wa miaka sita alikuwa amekwisha kuanza kucheka. Mimi sikuhitaji kopo la peremende.

Vitendawili navyo vina somo lao. Mtegaji ana jibu, mteguaji hana, na mchezo wote umesimama juu ya tofauti hiyo. Mtoto mdogo sana hutega kwa furaha, "Nyumba yangu haina mlango," kisha papo hapo hutaja yai. Wakubwa humcheka. Mwaka mmoja baadaye hulifumba jibu, huwatazama wenziwe mmoja mmoja, na hudai apewe mji kabla ya kulitoa. Hapo amekwisha kujua kwamba kinywa chake ndicho mlango pekee wa kulifikia lililomo ndani yake.

Lakini lugha yetu haisemi tu kwamba mioyo ya watu yajulikana. Husema pia, na kwa sauti kubwa, kwamba haijulikani. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." "Siri ya mtungi muulize kata." Methali hizi zaonekana kumtenga kila mtu peke yake na uchungu wake. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akizitaja kuwa ushahidi kwamba Waswahili hawajishughulishi na mawazo ya wenzao. Hakuangalia zinatumiwa lini. Mtu hutajiwa kitanda na kunguni pale anapomhukumu mwenziwe upesi, na anayeitaja methali ni yule anayetaka mwenziwe akisie tena, kwa uangalifu zaidi. Na "muulize kata" ni amri ya kuuliza: aliyekuwa ndani ndiye mwenye habari, basi mpe nafasi aseme.

Je, akiwa hana lugha ya kusemea?

Swali hili si la nadharia. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal walichapisha uchunguzi juu ya watoto viziwi huko Australia, wenye umri wa miaka 8 hadi 13, wenye akili timamu, waliozaliwa katika nyumba za watu wanaosikia. Wengi wao walilikosea swali ambalo mtoto anayesikia hulijibu akiwa na miaka mitano. Lakini watoto viziwi wa wazazi viziwi, waliolelewa kwa lugha ya ishara tangu utotoni, hawana upungufu huo. Brenda Schick na wenzake walionyesha hivyo waziwazi nchini Marekani mwaka 2007. Basi kosa si la masikio. Mtoto aliyezaliwa kwa wanaosikia huonyeshwa maji, chakula, mlango na fimbo. Hapana anayemwonyesha "nilidhani".

Huko Nikaragua shule ya viziwi iliyofunguliwa mjini Managua mwishoni mwa miaka ya 1970 iliwakutanisha watoto ambao hawakuwa na lugha, nao wakaanza kuibuni yao. Jennie Pyers na Ann Senghas waliwalinganisha wale wa kwanza, ambao sasa walikuwa watu wazima, na waliowafuata, ambao waliikuta lugha imekomaa kidogo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, wale wakubwa walikuwa na ishara chache za kutaja mawazo, na walishindwa kutabiri matendo ya mtu mwenye dhana potofu, hali wadogo waliweza. Miaka kama miwili baadaye wakubwa walikuwa wamejifunza ishara hizo kwa kuchanganyika na wadogo, na sasa waliweza nao. Watu wazima, wenye kazi zao na maisha yao, walijifunza ukubwani lile ambalo sisi tulijifunza tukiwa tumepakatwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Hilo ni jema. Lakini mtoto kiziwi hazaliwi bungeni. Huzaliwa katika nyumba ambamo hapana ajuaye ishara hata moja, na miaka ile ya kwanza, ambayo yote niliyoyaeleza hutendeka ndani yake, humpita kabla hajafika shuleni.

Mpwa wangu mmoja ni kiziwi. Alipokuwa na miaka sita, bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi, alimwonyesha rafu ili amletee chupa ya mafuta ya taa. Juu ya rafu ile ile palikuwa na mkebe wa fedha. Mtoto aliuchukua mkebe akatoka nao mbio hadi dukani, akakutwa ameushika mbele ya meza ya mwenye duka. Alichapwa kwa wizi. Nilikuwapo nyumbani siku hiyo, na kwa kuwa alitutazama machoni bila kulia, mimi msomi wa lugha nilisema mtoto huyu ana kiburi.

Mwaka uliofuata alipelekwa shule ya viziwi ya bweni. Dada yake mkubwa alianza kujifunza ishara kutoka kwake kila likizo, mpaka wakawa wakizungumza usiku kucha kwa taa. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, tumeketi uani, habari ya mkebe ilitajwa kwa mzaha. Akamwuliza dada yake tunacheka nini. Alipoelezwa, akasema kwa mikono kwamba alidhani ametumwa dukani, kwa sababu siku nyingine alikuwa amemwona bibi akiutoa mkebe ule kabla ya kwenda kununua mafuta. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Nami nilimwuliza, kwa mikono ya dada yake, siku ile alidhani sisi tulikuwa tukifikiri nini tulipomchapa. Alilirudisha swali mara mbili ili aelezwe vema. Kisha akajibu kwamba hakujua kama tulikuwa tukifikiri jambo lolote. Aliona tu kwamba tumekasirika.